Ndege Anayenimalizia Samaki

Ijumaa jioni, mwezi wa tatu. Mawingu yamekaa juu ya vilima vya Iveti tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Joto limenishika shingoni. Niko na hasira, na siandiki hapa ili mtu anipoze.

Leo nimekaribia kuua mtu. Nilitaka kuua ndege.

Nianze na ndege, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza.

Alikuja mwezi wa kumi, wakati samaki wangu walikuwa wameanza kutoshea mkononi. Niko na kidimbwi cha tilapia hapa chini ya nyumba. Tulikichimba na mume wangu nilipoacha kushona suruali kule kiwandani EPZ, tukakitandika karatasi nyeusi ili maji yasinywewe na mchanga. Asubuhi moja nikamkuta ameketi juu ya ule mkaratusi uliokauka, ulioko kwenye mpaka wetu na boma la baba mkwe. Mgongo wa kahawia iliyokoza, tumbo jeupe safi kama shati la mtoto wa komunio ya kwanza. Kichwa pia cheupe, halafu mstari mweusi unapita kwenye jicho hadi nyuma, na manyoya ya kisogoni yamesimama kama ya mtu aliyetoka kulala. Jicho lenyewe ni la njano. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye nimeingia kwake bila hodi.

Nilifikiri ni mwewe wa vifaranga. Hao tunawajua: unapiga kelele, unarusha jiwe, maisha yanaendelea. Lakini huyu kuku hakuwaangalia hata kidogo. Alipaa juu ya kidimbwi, akasimama hewani akipiga mabawa palepale, kisha akajiangusha miguu ikiwa mbele. Alizama karibu mwili wote. Nikasema asante Mungu, amejizamisha mwenyewe. Wapi. Akaibuka na samaki wangu, akajikung'uta maji huko huko hewani kama mbwa aliyenyeshewa, akamgeuza yule samaki kichwa kitangulie mbele, akaondoka naye. Alirudi juu ya mkaratusi, akaanza kula kuanzia kichwani. Hakuwa na haraka yoyote.

Tangu siku hiyo amekuwa akija kila asubuhi.

Jina lake nililipata kwa Njeri. Njeri ni mwanamke wa Syokimau, anafanya kazi ya ofisi Nairobi, na Jumapili huja na darubini kuangalia ndege pale bwawa la Maruba. Alimfuata ndege huyu kutoka huko hadi akafika kwangu. Akaegesha gari langoni, akaniambia, "Mama Kioko, hujui bahati uliyo nayo." Kwa Kiingereza anaitwa osprey. Kwa Kiswahili Njeri alitafuta kwenye simu akapata majina mawili yanayogombana, akaachana nayo. Mimi nimempa jina langu: Mgeni. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakumjua huyu. Amekaa miezi mitano na jembe hajui linafananaje.

Njeri amekunywa chai yangu Jumapili nyingi na samaki hajanunua hata mmoja. Lakini kusimulia anajua. Ndiye aliyenionyesha kwa darubini nyayo za Mgeni, zenye vijimiba vidogo ili samaki asiteleze, na kidole kimoja cha nje kinachoweza kugeuka kiende nyuma, ili ashike kwa vidole viwili huku na viwili kule. Nikamwambia kwa hiyo Mungu alikaa chini akamtengenezea mwizi mikono. Alicheka. Sikuwa natania.

Kumbe hata nyumba hana hapa. Nyumba yake iko Ulaya, rundo la vijiti juu kabisa ya mti, na kila mwaka anarudi palepale anaongeza vijiti vingine juu ya vile vya zamani. Mke wake naye hukaa kivyake miezi yote hii, labda mto mwingine, nchi nyingine kabisa. Mwezi wa tatu kila mmoja anafunga safari, wanakutana kwenye lile rundo. Mama anataga mayai mawili matatu yenye madoadoa, anayaatamia, na baba ndiye anayevua. Anamletea mama samaki kwenye kiota, anawaletea watoto, hadi watoto wanapaa. Njeri aliyasimulia haya macho yamemlegea. "Sijui mume bora kuliko huyo," akasema.

Nilimwuliza hizo nguvu za kuruka hadi Ulaya anazitoa wapi. Nitajibu mwenyewe. Harusi yake naichangia mimi, na kadi ya mwaliko sijaiona. Mume wangu mimi huja nyumbani kutoka Athi River kila baada ya wiki mbili, na mkate mmoja na nguo za kufua.

Usifikiri nilikaa tu. Nilishona wavu kwa mikono hii iliyoshona mifuko ya suruali hadi ikafa ganzi, ukafunika nusu ya kidimbwi, na Mgeni akahamia nusu nyingine. Nilifunga riboni za kanda za kaseti za zamani zipige kelele kwenye upepo. Nilisimamisha sanamu ya mti, nikaivisha koti la mume wangu. Siku ya pili nilimkuta amekaa kichwani mwa sanamu, anakula. Lile koti limefuliwa mara mbili na bado linanuka.

Sasa baba mkwe.

Mzee Nzioka hajawahi kukipenda kidimbwi changu. Wakamba wa umri wake wengi samaki kwao ni nyoka aliyekosa ujasiri wa kutoka majini. Wakati wote tuliokuwa tunachimba alisimama pale juu na fimbo yake akisema tunafuga nyoka na mbu. Shamba bado liko kwa jina lake, na shemeji yangu Mutua amekuwa akimnong'oneza kwamba udongo wa pale unafaa kufyatua matofali. Mwaka jana nilijitetea kwa samaki wenyewe. Niliwavuna, watu wa hoteli za Kyumbi wakaja, mzee akanyamaza. Mwaka huu nilikuwa na nini cha kumwonyesha? Kila akiuliza nasema wamepungua. Nikimwambia ni ndege, anacheka. Mzee hatoki kwake kabla jua halijapanda, anasema umande unamwumiza magoti, na jua likipanda Mgeni huwa ameshakula, ameenda zake Maruba. Basi hajawahi kumwona.

Jumatano akatoa uamuzi. Kesho Jumamosi wazee wa ukoo watakaa kwake. Kama hakuna samaki, hakuna sababu ya maji kukaa pale, kidimbwi kifukiwe, Mutua apewe. Alilisema hilo mbele yangu na mbele ya Mutua, huku akimnyooshea fimbo jogoo wake mwekundu, yule atakayechinjiwa wazee.

Usiku ule nilimpigia mume wangu. Akasema, "Wewe nyamaza tu, mzee ni mzee." Nikamwambia ni rahisi kunyamaza ukiwa Athi River.

Nilikuwa na hasira ya kupasua mtu. Na kwa kuwa mzee ni mzee, na Mutua ni shemeji, na mume yuko mbali, hasira yote nikaipeleka kwa ndege.

Huku kwetu kila mtu anajua fisi anavyomalizwa, na mbwa koko vilevile. Unatia dawa kwenye nyama, unaiacha njiani kwake, basi. Ndivyo babu walivyofanya, ndivyo nilivyoona nikikua. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna mnyama anayekataa chakula cha bure. Hapana, nasema uongo. Njeri aliniambia. Mwezi wa kwanza, nikichambua ndengu, alisema Mgeni hali samaki aliyekufa. Anataka yule aliye hai, aliyemvua mwenyewe. Niliona ni zile sifa zake za kila siku, nikaendelea na ndengu.

Leo alfajiri nilichukua samaki mmoja mkubwa aliyekufa jana, nikamjaza tumboni dawa tunayopigia nyanya, nikamlaza juu ya ubao kando ya maji, mahali Mgeni angemwona kutoka mkaratusini. Kisha nikaenda kukamua ng'ombe. Niseme ukweli, nilikamua nikiimba.

Niliporudi samaki hayupo.

Nilifurahi. Nilisimama pale na ndoo ya maziwa, nikaangalia juu ya mkaratusi nione akiyumba. Mti ulikuwa mtupu. Nikaangalia juu ya sanamu, hakuna. Halafu nikaangalia chini.

Kwenye tope kulikuwa na alama za gambuti, zile buti za mpira. Mguu wa kushoto ulikuwa na mwanya mbele, pale kwenye kidole kikubwa. Katika ukoo huu mzima ni mtu mmoja aliyekata gambuti yake kwa kisu ili kidole chake kibovu kipumue.

Maziwa niliyaacha yamwagike. Sijui nilivukaje mpaka. Nilichoona ni moshi ukitoka kwenye jiko la mzee.

Wasiojua kwetu niwaeleze. Mke wa mwana haingii tu mahali baba mkwe anapopika na kula. Tunaita nthoni, ile aibu na heshima ya wakwe. Tangu mama mkwe afe mzee hujipikia mwenyewe kwenye kijumba kile, na miaka yote hiyo sijawahi kuvuka kizingiti chake. Chakula nikimletea naacha kwenye kigoda nje, nakohoa, naondoka.

Leo sikukohoa. Niliingia nikamkuta amechuchumaa, samaki yuko kwenye wavu wa chuma juu ya makaa, ameshabadilika rangi, na kando yake sufuria ya ugali inatokota. Alikuwa anangoja ugali uive. Nilipiga wavu ule teke, samaki akaruka hadi ukutani, makaa yakatawanyika.

Mzee Nzioka aliinuka polepole. Sijawahi kumwona ametazama mtu vile.

"Umekula?" nikamwuliza. "Baba, umekula hata kidogo?"

"Unaninyima samaki," akasema. "Unaingia jikoni kwangu kuninyima samaki."

"Ile samaki iko na dawa."

Akaangalia ile samaki pale ukutani, akaniangalia mimi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Dawa ya nani?"

Swali hilo limekaa nami tangu asubuhi. Hakuuliza dawa gani. Aliuliza ya nani.

Nikasema ya ndege. Nikasema kuna ndege, si nimekuwa nikikwambia kuna ndege, mweupe tumboni, anakaa juu ya mkaratusi. Nilikuwa naongea haraka kama mwongo. Akaniambia, "Haya, nionyeshe huyo ndege."

Tulitoka. Uani, karibu na mlango, jogoo mwekundu alikuwa amelala ubavu akipiga mguu mmoja chini. Mzee alikuwa amempasua samaki na kumtupia jogoo matumbo. Kuku wengine walikuwa bado hawajafunguliwa, Mungu ni mwema. Tukasimama pale wote wawili tukimtazama hadi mguu ukatulia.

Tukaenda kwenye mkaratusi. Mti mtupu. Nikamwambia tungoje, lazima atakuja, huyu hakosi. Tulingoja jua likapanda, likatuchoma, mzee ameegemea fimbo yake, mimi nikitazama juu hadi macho yakatoa machozi. Angani kulikuwa na kunguru tu.

Ameondoka. Mwezi wa tatu umefika, ameenda kwa mke wake. Miezi mitano nimesali aondoke, nimemtukana kwa lugha tatu, na asubuhi moja tu ninayomhitaji awe shahidi wangu, ndiyo asubuhi aliyochagua kusafiri. Sijawahi kumchukia kama leo.

Nikamwonyesha mzee mifupa chini ya mti. Rundo zima, mapezi, magamba, miiba. Nikamwambia tazama, hii yote ni yeye. Mzee akaisogeza na ncha ya fimbo. Akakohoa.

"Mingine ni yangu," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

Akasema aliona mifupa imetupwa hapo, akafikiri ni paka wangu, akaona ni mahali pazuri pa kutupa yake. Alijifunza kula samaki Mombasa alipokuwa kibarua wa reli, kabla mume wangu hajazaliwa. Aliporudi akamkuta mama mkwe hataki hata harufu yake, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuwaambia watu wote kwamba samaki ni nyoka, ili asichekwe. Basi akakaa hivyo. Kidimbwi kilipochimbwa ikawa shida. Tangu Krismasi anashuka alfajiri na chandarua kilichochakaa, umande au si umande, anarudi kabla sijamaliza kukamua. Leo hakuhitaji hata chandarua. Alikuta samaki amelala juu ya ubao, akaona ni bahati.

Yaani huyu mzee ananilia samaki tangu Krismasi, halafu Jumatano anaita ukoo kusema kidimbwi hakina samaki. Nilitaka kumpiga kwa fimbo yake mwenyewe. Lakini mwenye dawa nilikuwa mimi.

Nilimwuliza kama anaamini ilikuwa ya ndege. "Kugombana tumegombana Jumatano," akasema. "Leo ni Ijumaa. Na huyo ndege sijamwona." Akaanza kupanda kwenda kwake, kisha akageuka. "Wazee watakuja kesho. Watauliza jogoo yuko wapi."

Nimeshinda nikimchungulia kupitia ua kuona kama anatoka jasho, kama anatapika. Yuko mzima. Saa tisa alikuwa anamfokea mbuzi. Samaki, matumbo yaliyobaki na jogoo nimewafukia kwenye shimo refu kuliko lililohitajika, na ile chupa ya dawa pia. Njeri amenitumia ujumbe kwamba hata Maruba hakumwona Mgeni leo, ameweka na picha ya uso unaolia. Sijamjibu. Akithubutu kuja Jumapili nitampa jembe yeye.

Nimewaza siku nzima nitasema nini kesho. Nikiwaambia wazee mzee anakula samaki, nimemvua nguo mbele ya ukoo, na yeye atasema la dawa. Nikinyamaza, kidimbwi kinafukiwa. Mume wangu nimempigia, nikamweleza yote. Akasema atapanda gari usiku huu. Hilo peke yake limenitisha kuliko kitu chochote.

Maneno hayatanisaidia. Ndege hayupo, jogoo hayupo, na mtu anayeulizwa dawa ni ya nani hana kiapo cha kutosha.

Lakini kuna jambo moja ambalo hata mtoto wa huku analijua. Anayekuletea pombe au uji huonja kwanza mbele yako, ndipo akupe. Hakuna anayeeleza kwa nini. Kila mtu anajua kwa nini.

Jioni hii nimeingia kidimbwini na wavu, nikavua wote wakubwa waliobaki. Wako hai kwenye beseni hapa karibu na miguu yangu, wanapiga mikia, wananilowesha ninapoandika. Kesho wazee wakiuliza jogoo, nitatoka na sinia. Nitawakaangia samaki hawa, wazima na vichwa vyao, na nyanya na dania, na nitapita mbele ya wale wazee wote wanaosema ni nyoka, hadi kwa Mzee Nzioka. Nitachagua mkubwa. Nitauma mimi, nitatafuna, nitameza, nimtazame machoni bila nthoni. Kisha nitamwekea sinia mapajani.

Atakula mbele yao, au ataisukuma. Akila, anajua anachokula na wazee watajua anachokula, na kidimbwi kitabaki. Akiisukuma, basi ameamini dawa ilikuwa yake, na sijui nitaishije kwenye boma hili hata nikiachiwa bahari nzima.

Mgeni saa hizi yuko juu ya jangwa la watu, anaelekea kwenye vijiti vyake, tumbo limejaa samaki wangu. Mwezi wa kumi atarudi. Atakuta maji, au atakuta tanuri la matofali.

Wa kwanza kuuma nitakuwa mimi. Tuone wa pili atakuwa nani.